Ruhusa Isiyoombwa

Msichana mgeni akiingia bweni la Mama Nyai Mahsunah, kitu cha kwanza kumpotea ni kandambili. Huzivua barazani, akaingia msikitini, na akitoka hazipo. Ziko miguuni mwa mwenzake, zinaelekea kisimani. Siku ya kwanza atalia. Baada ya wiki mbili tatu naye anavaa za watu, mguu mmoja wa buluu na mwingine wa kijani, wala haulizi ni za nani. Katika vyuo vya mabanati vya huko Java hilo halihesabiwi wizi. Ndiyo karibu yao.

Muslikhah zilimpotea hata baba yake hajaondoka. Mzee Wagiman, mkulima wa tumbaku kutoka mteremko wa mlima Sumbing, alikuwa bado amesimama langoni na godoro la sufi kichwani, binti yake akamrudia pekupeku, machozi yanamlengalenga.

"Zimekwenda hija hizo," akasema msichana mmoja aliyekuwa akipita na ndoo. "Zikirudi uziite Bi Hajati."

Mzee Wagiman akacheka mpaka godoro likamponyoka. Akavua zake, zilizokuwa kubwa kama mitumbwi, akamvisha bintiye, akapanda basi miguu mitupu. Kule mlimani alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Mkewe alifariki binti akiwa bado anatambaa, naye hakuoa tena. Alikuwa akisema nyumba yake ina baridi mno kumleta mtoto wa watu. Alichokitaka ni Likhah asome, ahitimu, arudi nyumbani. Wala hakudhani kwamba katika hayo matatu, la mwisho ndilo lingekuwa zito.

Likhah ndilo jina walilomfupishia bwenini. Hakuwa msichana wa kelele. Sauti yake ilikuwa ndogo, na akikasirika ilizidi kuwa ndogo, mpaka waliokosea wakalazimika kumsogelea ili wasikie wanavyogombezwa. Lakini alikuwa na jicho. Pale chuoni watu sita saba hula sinia moja, mikono yote kwa pamoja, na wali haumngoji mtu. Likhah akaona kwamba wageni waliolelewa kwa heshima wanaondoka na njaa: wao bado wanasema bismillahi, mikono ya wenyeji imekwisha kufika katikati. Alipofanywa kiranja wa chumba akawa anakaa kati ya mgeni na mlaji wa haraka, na kwa kidole kimoja, huku akizungumza habari nyingine kabisa, akawa anausukuma wali na kipande cha tempe, ile mboga ya soya iliyogandishwa, upande wa mgeni. Hakumkemea mtu. Miezi ilipita ndipo wenyewe wakagundua.

"Kumbe ndiyo maana nakonda!" akapiga kelele Zumrotin, msichana wa Blora mwenye domo lisilo na likizo. "Dada Likhah, unanidhulumu kwa kidole!"

"Konda kidogo, mdogo wangu. Mlango tuliujenga mwembamba."

Na upele ulipoingia, maana hauna budi kuingia panapolala wasichana wengi mkeka kwa mkeka, ni yeye aliyewapanga mstari nyuma ya jiko akawapaka dawa ya kiberiti mmoja mmoja, mpaka bweni zima likanuka kama mlima unaotaka kulipuka. Zumrotin akasimama mlangoni akiwatangazia wageni kuwa asiyewashwa hajaandikishwa.

Kwa mambo madogo kama hayo viranja wenzake walilitaja jina lake mwaka ulipofika. Kiranja mkuu pale hapigiwi kura. Viranja wa vyumba hukaa, wakakubaliana jina, jina likapelekwa kwa Mama Nyai. Akiitikia kwa kichwa, imekwisha. Cheo ni cha mwaka mmoja, mpaka sherehe ya kufunga chuo mwezi wa Shaban. Lilipopelekwa jina la Likhah, Mama Nyai hakuitikia kwa kichwa tu, alitabasamu.

Sasa huyu Mama Nyai ni mtu wa kumwelewa. Alikuwa mjane wa sheikh mwenye chuo, mwanamke mfupi, mnene kidogo, miwani yake imefungwa uzi. Mumewe alimwachia msikiti, mabweni mawili na watoto wa watu. Binti zake mwenyewe waliolewa mbali, mmoja Sumatra, mmoja Banjarmasin, wakawa wanakuja Idi mpaka Idi, na Idi nyingine hawaji. Mbele yake msichana huingia kwa magoti, kichwa chini, akakaa, akanyamaza. Hasemi neno mpaka aulizwe, "Kuna nini, mwanangu?" Hapo ndipo hutoa haja yake.

Na haja kubwa kuliko zote ni ya kuaga. Kwenda kwao Idi ni likizo, kila mtu huenda, akarudi. Kuondoka moja kwa moja ni jambo jingine. Aliyehitimu haondoki mpaka Mama Nyai amtamkie ruhusa kwa kinywa chake na kumwombea dua. Anayetoka bila hiyo, wanaamini elimu yake yote hubaki getini.

Likhah alimaliza vitabu vyake akiwa kiranja mkuu. Sherehe ya Shaban ikapita, masinia yakaoshwa, naye akavaa baibui lake jipya, akaingia sebuleni kwa magoti. Baba yake alikuwa amekwisha kumsafishia chumba.

"Ah, Likhah!" akasema Mama Nyai kabla hajatulia. "Bora umekuja. Kisima cha nyuma kinaingia tope. Mafundi watakuja baada ya Idi, nao ukiwaacha peke yao watakunywa chai tu. Nani wa kuwasimamia kama si wewe?"

Likhah akangoja lile swali. Halikuja. Mama Nyai akahamia kwenye habari za kamba, kutoka kamba akaenda kwenye ndoo.

"Naam, Mama Nyai," akasema Likhah.

Nje Zumrotin alikuwa anamngoja, amejiandaa kulia. "Haya, umepewa ruhusa?"

"Nimepewa kisima."

Zumrotin akacheka mpaka akakaa chini. Likhah naye akacheka. Mwaka ule lilikuwa bado jambo la kuchekesha.

Kumpigia baba yake kulikuwa na utaratibu wake: Mzee Wagiman hushuka siku ya soko mpaka kibanda cha simu, akakaa kwenye benchi na kofia mapajani, akangoja aitwe.

"Kisima si jambo dogo," alisema. "Watu wanataka maji. Basi mwakani."

"Mwakani, Baba."

"Hamdan amekuulizia."

"Hamdan gani?"

"Usijifanye. Mwalimu, yule mwenye pikipiki inayokohoa kuliko mimi. Nimemwambia mwakani."

Mwaka uliofuata Likhah aliingia tena sebuleni, na safari hiyo alikuwa ameyapanga maneno, ameyasema mbele ya ndoo ya maji mpaka akayajua. Mama Nyai akamweleza kuhusu paa la jiko. Mwaka mwingine ilikuwa surua ya watoto wadogo, na kwa kweli ilikuwepo, na kwa kweli hapakuwa na mwingine wa kukesha nao. Ukaja mwaka ambao hapakuwa na shida yoyote. Mama Nyai alimtazama muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akasema, "Keti na mimi kidogo, Likhah. Leo hata sina cha kukutuma." Wakakaa. Wakasikiliza wasichana wakifua. Likhah akangoja aulizwe kuna nini, Mama Nyai akaendelea kufuta miwani, mpaka adhana ikawatenganisha.

Msikilizaji wangu utasema, si angesema tu? Sentensi ndogo ile. Lakini mtu aliyelelewa pale anajua ilivyo. Kumwambia Mama Nyai "naomba kuondoka" hali hajakuuliza, ni kama kumwambia "nimekuchoka." Mwanamke aliyekulisha, aliyekufundisha kuzitamka herufi kwa kukushika kidevu! Likhah angeweza kusimama mbele ya bweni zima lenye hasira akalinyamazisha kwa ile sauti yake ndogo. Haja za wengine alizipeleka sebuleni kila wiki, dawa za huyu, ada za yule zisogezwe mbele, akaulizwa, akajibu, wakapata. Yake ilimkwama.

Mwaka wa harusi ya Hamdan, baba alimpa habari mwishoni kabisa mwa mazungumzo. "Ameoa binti wa Parakan. Mvua ilinyesha harusi nzima, mazulia yakaharibika." Alilisema hilo la mazulia kwa namna ya kumpoza.

Kisha mzee mwenyewe akaona aje. Desturi inaruhusu: mzazi anaweza kumwombea mwanawe. Alishuka na basi, ana gunia la viazi na kabichi mbili kubwa kama vichwa vya watu, amevaa shati la batiki la Idi na kofia nyeusi. Akakaribishwa sebuleni, akaletewa chai na mihogo ya kukaanga. Likhah aliyebeba sinia la chai akaenda kusimama nyuma ya pazia kama mtoto anayengoja matokeo.

Akamsikia Mama Nyai: "Mzee Wagiman, mimi sijui nikushukuru vipi. Umetupa Likhah. Wanangu wa kuzaa hawanijui ninavyopenda chai yangu, huyu anajua. Watoto wote hawa wakiamka usiku wanaumwa, hawaniiti mimi, wanamwita yeye. Mungu akulipe."

Kisha kikohozi cha baba yake. Kisha sauti yake: "Viazi hivi, Mama Nyai, ukivichemsha usimenye kwanza. Utamu uko gandani."

Basi. Ndivyo alivyoombewa.

Alimsindikiza mpaka kituoni. Wakatembea kando ya mashamba ya mpunga, mzee gunia tupu limekunjwa kwapani.

"Baba, ulimwambia?"

"Nilikuwa nayo maneno, wallahi. Nimekuja nayo kutoka kwetu Temanggung, kwenye basi nayasema, mpaka jirani yangu akadhani namsemesha yeye. Nilivyofika mlangoni nayo yapo. Halafu akanishukuru." Akapiga hatua kadhaa. "Mtu akikushukuru kwa kitu, unakidai vipi tena? Nimwambie nirudishie, kama mtoto na gololi zake?"

"Si kitu, Baba."

"Unakula vizuri lakini?"

"Nakula."

"Mimi napika mwenyewe siku hizi. Wali unashika chini, lakini ukimwaga maji ya moto unaachia." Basi likaja. Alipanda, akafungua dirisha. "Mwakani," akasema, akaonyesha kidole juu, kama mtu aliyepanga jambo na mwenzake.

Miaka ikawa inaingia namna hiyo. Wasichana waliomkuta Likhah kiranja mkuu wakahitimu, wakaolewa, wakaanza kuleta binti zao wadogo kumsalimia. Viranja wa vyumba walikaa kila Shawwal kuchagua, wakatazamana, wakataja jina lile lile, kwa mapenzi na pia kwa uvivu. Zumrotin, ambaye naye alihitimu akabaki kufundisha wadogo, alikuwa akimtania: "Wewe Dada tutakuzika na funguo za bweni. Malaika wakija kukuuliza maswali, wewe utawauliza kwanza kama wamefua."

Likhah alicheka kwa mdomo. Idi zote alikwenda mlimani. Alifua mapazia, alikuna masufuria ya wali ulioshika, akaona jinsi shingo ya baba yake inavyokuwa nyembamba ndani ya kola. "Ni moshi wa tumbaku tu," alisema kuhusu kikohozi. Likizo ikiisha, mzee alimbebea mzigo mpaka barabarani, haulizi kitu.

Alifariki wakati wa mavuno, tumbaku iliyokatwa imetandazwa kwenye chanja za mianzi mbele ya nyumba. Alikuwa anazigeuza chanja asubuhi, akakaa kupumzika, hakuinuka. Binamu yake Likhah, Pardi, akapiga simu chuoni. Likhah alikuwa jikoni na wasichana wakipepeta mchele. Alisikiliza, akaiweka simu chini taratibu, akamwambia Zumrotin ampigie Mama Nyai hodi amweleze, akaondoka na nguo aliyoivaa. Basi moja, basi la pili, gari la mboga lililompandisha mlima. Huko maiti haikai. Alifika udongo wa kaburi umekwisha kumwagiwa maji, na maua juu yake yameanza kujikunja kwa jua.

Wanawake wa jirani wakamshika, wakamwingiza ndani. Chumba chake kilikuwa kimefagiwa. Kitanda kimetandikwa shuka, na shuka hilo lilikuwa na mikunjo mipya, ya kutolewa kabatini si zamani. "Alikuwa akitandika kila mwisho wa Shaban," akasema mke wa Pardi. "Tukimwuliza, anasema, huenda mwaka huu."

Siku ya saba, siku ya hitima, Mama Nyai akaja. Kijiji kizima kikatoka barabarani, maana haijapata kutokea mtu wa heshima kama yule kupanda mlima kwa ajili ya mkulima wa tumbaku. Alikataa kiti cha sebuleni. Aliingia moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kibao karibu na Likhah aliyekuwa anakata tempe, akamshika mkono wenye kisu.

"Mwanangu," akasema, na wanawake wote wakaacha vijiko. "Nataka nikwambie mbele ya hawa. Kila mwaka, Shaban ikikaribia, nilikuwa nalala vibaya. Nilijisemea, mwaka huu Likhah ataomba kuondoka, na akiomba sina haki ya kumzuia. Unaingia, nakuona umevaa baibui zuri, roho yangu inaruka. Naanza kusema visima, sijui mapaa, ili nisikuulize. Unasema naam, unatoka. Nikawa namshukuru Mungu. Nikasema, huyu hataki kwenda, huyu ametuchagua sisi. Na kama hataki kwenda, mimi nimwambie nenda? Si ni kama kumfukuza?"

Machozi yakamteremka chini ya miwani. "Umetupenda kuliko kwenu. Sikustahili."

Likhah alitazama vipande vya tempe. Mle jikoni alisikia maji yanachemka na watoto wakikimbizana nje kati ya chanja. Sentensi ilikuwa pale pale mdomoni, ile ya miaka yote, nyepesi sasa kwa kuwa haina kazi tena. Lakini wageni walikuwa wamejaa, na Mama Nyai analia, na amekuja mbali.

"Naam, Mama Nyai," akasema.

"Tangu leo una ruhusa yangu. Nenda utakako. Nimekuhalalishia kila kitu, sikudai chochote." Akamwekea mkono kichwani, akamsomea dua ndefu, na wanawake wakaitikia amina kwa sauti nzito iliyojaza jiko. Ndiyo dua aliyoingoja. Mke wa Pardi alisema baadaye hajawahi kuona mtu akiombewa vizuri namna ile na uso wake ukabaki mkavu vile.

Basi Likhah akawa yuko nyumbani. Alimaliza kugeuza tumbaku ya baba yake, akaiuza kupitia Pardi. Mvua zikaja. Mlimani asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni, na majirani ni watu wema, walimletea kuni na maharage. Lakini alipika wali kama alivyozoea, kwa kipimo cha wengi, na ukabaki. Alipakua sahani moja, akakaa, akala upande wake tu, mpaka akagundua kuwa upande wa pili ameuacha vile vile, haujaguswa, kana kwamba kuna wa kuja. Jioni alisikia simanzi ya ajabu ya kutoitwa. Hakuna mwenye homa, hakuna aliyegombana na mwenzake kwa sababu ya kamba ya kuanikia. Usichana wake ulikwishapita akiwashughulikia wengine, na nyumba aliyoitaka ilikuwa na mtu ndani yake. Mtu yule hayupo, zimebaki kuta.

Aliposhuka tena chuoni mvua zilikuwa zinaisha. Aliingia sebuleni kwa magoti, na kabla Mama Nyai hajafungua kinywa, yeye akasema.

"Naomba kurudi."

Lilikuwa ombi la kwanza kumwomba Mama Nyai kwa ajili ya nafsi yake. Alikubaliwa kabla hajamaliza.

Hakuchukua tena ukiranja. Alimwachia Zumrotin, aliyekuwa ameushika tangu msiba, yeye akawa mlezi wa jiko na wa wagonjwa. Akawa mtu wa kimya zaidi. Wadogo walimwogopa kidogo mpaka walipougua. Wakishaugua hawakumwogopa tena.

Shaban ikafika. Sherehe ikaisha. Kesho yake Likhah alimkuta Zumrotin nyuma ya jiko amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, hasemi, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Nani kafa?" akamwuliza.

"Hajafa mtu. Mama yangu anaumwa miguu, kule Blora. Anataka nirudi. Na kuna mtu ameleta posa, mgane mwenye watoto wawili, wana masikio makubwa, nimewapenda." Akajaribu kucheka. "Nimeingia sebuleni tangu wiki iliyopita mara mbili, Dada. Ya kwanza nimepewa kazi ya mapazia. Ya pili nimepewa kazi ya kutafuta mbuzi wa Idi. Mimi! Mimi na domo langu hili! Nikifika pale linafunga kama duka siku ya msiba."

Likhah alisimama. Akapangusa mikono kwenye kanga ya kiunoni.

"Ondoka kwenye ndoo."

"Twende wapi?"

"Ondoka, nimesema." Sauti ilikuwa ndogo sana. Zumrotin akaijua, akainuka.

Waliingia kwa magoti, wawili sambamba, jambo ambalo halikuwa desturi. Mama Nyai alikuwa anashona kitufe. Akainua macho, akawaona, na mkono wake ukasimama hewani. "Ah," akasema haraka, "bora mmekuja. Lile ghala la mchele, nimefikiri..."

"Mama Nyai, niwie radhi," akasema Likhah.

Zumrotin akafumba macho. Hakuna aliyewahi kumkata Mama Nyai maneno katika sebule ile, hata binti zake wa kuzaa.

"Zumrotin hakuja kwa ajili ya ghala. Amekuja kuaga. Mama yake anamngoja, na yeye anataka kwenda. Anakupenda, ndiyo maana hawezi kusema. Nasema mimi."

Sindano iliwekwa mezani. Mama Nyai alimtazama Zumrotin kwa muda, na uso wake ukazeeka mbele yao. Kisha akamwita karibu, akamshika kichwa, akamsomea. Alipomaliza akamwuliza mama yake anaumwa mguu gani, akampa chupa ya mafuta ya mchaichai ya kumkanda, akamwambia amsalimie yule mwenye posa na amwambie kuwa mke huyu hanyamazi. Zumrotin alicheka na kulia kwa pamoja, akarudi kinyumenyume kwa magoti mpaka mlangoni, na walipomsikia tena alikuwa uani anapiga kelele: "Jamani nimeachiwa! Njooni mgawane ndoo zangu!" Na bweni zima likapokea.

Ndani wakabaki wawili. Mama Nyai akashika tena shati lile, akatafuta tundu la kitufe, hakuliona.

"Umefanya vizuri," akasema. "Ungenifundisha zamani."

Likhah hakujibu naam. Alikuwa ameketi kichwa chini kama inavyopasa, halafu taratibu akakiinua, mpaka akamwona Mama Nyai usoni, macho kwa macho, kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake.

"Mama Nyai, nilikuwa nataka kwenda nyumbani," akasema. "Kila mwaka. Tangu ule wa kisima."

Uani walikuwa wakigombania ndoo. Mama Nyai akanyoosha mkono juu ya meza, akauacha pale, kiganja juu, hajui kama utashikwa.

Likhah aliutazama. Alikaa akiutazama kitambo kirefu, naye Mama Nyai hakuuondoa.